Nyundo Ilikuwa Yangu

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi dukani kwa baba, nashusha paketi za misumari ya bati. Niliufungua palepale juu, jambo ambalo baba amenikataza mara nyingi, kwa sababu duka letu la Kariakoo ni jembamba na mtu akiteleza haangukii sakafuni, anaangukia wateja.

Ofisi moja inayotayarisha kamusi mpya ya Kiswahili ilikuwa inatafuta msaidizi mmoja, kwa mkataba wa mwaka. Nilikuwa nimevuka mchujo wa kwanza. Hatua ya pili ilikuwa jaribio: ndani ya siku kumi kila mwombaji akusanye maana zote za neno moja, katika nyanja zote atakazoweza kuzifikia, na kila maana iwe na kadi yake. Kwenye kadi kuwe na maana, sentensi, na mtu aliyeisema sentensi hiyo: kazi yake, mahali, na siku. Jina si lazima. Walikuwa wamesisitiza jambo moja tu, kwamba sentensi isitungwe, iwe imesikika. Waombaji wote walikuwa na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa nyundo.

Niliinua macho. Mbele ya uso wangu zilikuwa zimening'inia nyundo, kwenye waya ambao baba aliufunga juu ya mlango kabla sijazaliwa. Ilikuwepo ya makucha ya seremala. Ilikuwepo yenye kichwa cha mviringo ya fundi wa chuma. Ilikuwepo ya mpira ya kuwekea vigae, nyeusi, inayonuka kama tairi jipya. Ile kubwa ya kuvunjia kuta haitundikwi, inasimamishwa kona, na nikiwa darasa la pili niliegemea mpini wake kila siku nikimsubiri mama anipeleke nyumbani. Kati ya waombaji wote, nani mwingine alikuwa amekulia chini ya neno hili? Nyundo ilikuwa yangu. Niliwaza hivyohivyo, kwa maneno hayo, kama mtu anayedai kiti kwa sababu aliacha khanga yake juu yake.

Simu ikaita.

"Shosti, umeona? Wametupa nyundo. Mimi hata msumari wa kutundikia kalenda sijawahi kupigilia. Nimekwisha."

"Hujakwisha," nikasema, na moyoni nikasikia kitu kimoja tu katika yote aliyoyasema: kwamba na yeye amevuka.

Rafiki yangu huyo ni mtu wa Lindi. Chuoni tulikaa chumba kimoja miaka mitatu, wote tukisoma Kiswahili. Mimi nilikuwa nasoma kabla ya kipindi, napigia mistari, naandaa maswali mawili, la pili likiwa la akiba endapo la kwanza litaulizwa na mwingine. Yeye aliingia amechelewa, mtandio umekaa upande, akakaa, akasikiliza. Halafu aliuliza swali moja dogo, la kawaida kabisa, na mhadhiri akaacha alichokuwa anafundisha akamjibu yeye hadi kipindi kikaisha. Alama zetu zililingana. Somo moja nilimzidi. Lakini sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kukumbuka swali langu. Nadhani nilianza kumwonea wivu mwaka wa kwanza, ila uliingia kidogokidogo, nikawa naupa majina mengine, mara uchovu, mara njaa.

Niseme pia nilichokuwa nakijua, kwa sababu bila hicho nitakayoyaeleza yataonekana madogo. Kwangu mimi kazi hiyo ilikuwa njia ya kutoka dukani. Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, baba alikuwa ananitambulisha kwa wateja wake wa jumla, "Huyu msomi wangu, anasubiri ajira." Mwaka wa pili akaanza kusema, "Huyu msomi wangu," basi. Niliisikia ile nafasi iliyobaki wazi mwishoni kila mara, hata wateja walipokuwa hawaisikii. Kwa rafiki yangu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa anakaa Ilala kwa mama yake mdogo, na binti wa mama mdogo alikuwa amejifungua, anarudi nyumbani na mtoto. Chumba kilikuwa kimoja. Mwisho wa mwezi angerudi Lindi. Alinieleza hayo mwenyewe, bila kulalamika, kama mtu anayetaja ratiba. Kwa hiyo nilijua.

Alipendekeza twende pamoja. "Kila mtu ataandika kadi zake," alisema. Nilikubali kwa sababu kukataa kungeonyesha kitu, na nilitumia jioni nzima kujiuliza kama kukubali kwa haraka vile hakujaonyesha kitu hichohicho.

Tulianza mtaa wa Gerezani, kwa mafundi bati. Ni mwendo mfupi kutoka dukani, na kelele zake nimezisikia maisha yangu yote bila kuzisikiliza. Nilikuwa nimechapa maswali kumi na tano kwenye karatasi. Tulimkuta fundi mmoja wa makamo amekaa chini, miguu imenyooshwa, kipande cha chuma cha reli katikati ya mapaja yake, anakunja pembe ya sanduku la shule.

"Shikamoo baba," tukasema.

"Marahaba. Mnataka sanduku?"

"Hapana," nikasema. "Tunafanya utafiti kuhusu matumizi ya neno nyundo katika muktadha wa kazi yako."

Alinitazama, kisha akamgeukia jirani yake. "Hawa watu wa mapato wamebadilisha mbinu. Sasa wanaanzia kwenye nyundo."

"Mwambie ni ya kuazima," jirani akajibu bila kuinua kichwa.

Mstari mzima ukacheka. Nilikuwa natafuta swali la pili kwenye karatasi yangu wakati rafiki yangu alipochuchumaa, akaweka daftari chini.

"Baba, naomba nipige mara moja."

"Utajigonga, mwanangu."

"Nikijigonga sitasema ni wewe."

Akampa. Rafiki yangu akapiga mara tatu, moja ikatua kando kabisa. Fundi akachukua bati, akaligeuza kwenye mwanga. "Haya, ona. Umelitia ndui." Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine, cha kumkaribisha. Kisha fundi akavuta nyundo ya mti kutoka chini ya paja lake, akaanza kulinyoosha bati palipobonyea, akiongea huku anagonga. "Ile ya chuma inaligombeza bati. Hii inalibembeleza. Sanduku zuri, ukipitisha mkono, husikii palipogongwa."

Wote wawili tuliandika sentensi hiyo, neno kwa neno. Ilikuwa halali, masikio yalikuwa manne. Lakini alipokuwa anaisema alikuwa anamtazama yeye, na tangu hapo kila nilipoisoma kwenye kadi yangu nilihisi nimevaa nguo ya mtu.

Siku iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa nyumbani kwetu. Tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya pili, na chini ya ngazi kuna duka la sonara mzee. Nimemwamkia mzee huyo asubuhi na jioni tangu nikiwa na mkoba wa chekechea. Rafiki yangu alikuja kunipitia, akachelewa kupanda. Niliposhuka kumtafuta nilimkuta ndani, upande ule wa kaunta ambao mimi sijawahi kufika, ameshika nyundo ndogo yenye kichwa kisichozidi punje ya dengu. Mzee alikuwa anamweleza kuwa ile haipigi, inaangushwa tu, uzito wake wenyewe ndio unaofanya kazi. "Ukitumia nguvu," alisema, "pete inakuwa bati."

"Miaka yote unaishi juu yake," rafiki yangu aliniambia tulipotoka, "na hujawahi kuchungulia?"

Alisema akicheka. Nililibeba swali hilo siku tatu. Nililigeuza kila upande, nikaona kuwa huenda lilikuwa mshangao tu, au utani, au tusi lililofichwa ndani ya utani. Kilichoniuma ni kwamba lilikuwa swali zuri.

Siku hiyo jioni nikaamua kwenda mahali peke yangu. Kwenye ukumbi wa kanisa letu kuna kinanda kikubwa cha zamani, na mwalimu wa kwaya ananifahamu. Nilimwomba anifungulie. Aliinua kifuniko, akaniambia nichungulie, kisha akabonyeza kitufe kimoja polepole. Ndani, kwenye safu ndefu ya vinyundo vilivyovikwa kitambaa kizito, kimoja kikainuka, kikagusa waya, kikarudi. "Ukibonyeza huku nje," alisema, "kule ndani kanyundo kanaamka." Nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi. Kanyundo kanaamka. Yeye hakuwepo, hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Kesho yake aliponiuliza nilikuwa wapi, nikamweleza, kwa sababu furaha hiyo isingekuwa kamili bila yeye kuijua. Alifurahi kweli. Akarudia sentensi mara mbili, akaionja. Nikasubiri achukue daftari.

"Huandiki?"

"Hiyo umeisikia wewe," alisema. "Mimi nitaiandikaje? Sikuwepo."

Jibu hilo lingepaswa kunituliza. Mtu mwingine lingemtuliza.

Feri tulikwenda asubuhi, wakati wa mnada wa samaki. Hapa ni lazima nikiri kwamba nilikwenda nikiwa tayari nimeandika kadi mbili nyumbani. Moja ilikuwa ya papa nyundo, yule mwenye kichwa kilichopanuka pande zote mbili, kwa sababu nilimsoma kitabuni. Nyingine ilikuwa ya nyundo ya mnadi, ile anayogonga mezani kufunga bei. Nilidhani kazi yangu ya siku hiyo ni kutafuta tu watu wa kuzisemea.

Muuzaji mmoja wa papa, kijana, alinitazama kwa huruma. "Papa nyundo ndiye nani?"

Nikamchorea kichwa chake kwenye daftari.

"Aa, huyo pingusi."

"Lakini wapo wanaomwita papa nyundo?"

"Wapo wapi? Labda huko mlikotoka."

Mama mmoja aliyekuwa na beseni kando yake akachungulia mchoro. "Amechora spana," akasema.

Rafiki yangu alikuwa amekwenda kwa mnadi, aliyesimama juu ya kreti lililopinduliwa, rundo la vibua mbele yake. Nilimkuta anamuuliza iko wapi nyundo yake.

"Nyundo ya nini, dada? Nina samaki hapa, sina mbao."

"Sasa watu wanajuaje bei imefungwa?"

"Nikinyamaza."

"Na ukinyamaza kwa kuchoka?"

"Sijawahi kuchoka," alisema, na wanunuzi waliokuwa wamemzunguka wakamzomea wote kwa pamoja, mmoja akasema juzi alisinzia akiwa amesimama.

Rafiki yangu aliandika kadi palepale, juu ya goti: Feri hakuna nyundo, mnadi akinyamaza, bei imefungwa. Nikamwambia kadi hiyo haina thamani, kwa sababu inaeleza mahali ambapo neno halipo.

"Labda," alisema. "Ila amesema."

Mimi sikuzichana kadi zangu mbili. Maana hizo zipo, nilijiambia, hata kama hazipo Feri. Lakini pia sikuweza kuandika kwamba muuzaji au mnadi amesema jambo ambalo amelikana. Nilisumbuka sana na hilo, na mwishowe kwenye nafasi ya msemaji nikaandika: mimi mwenyewe. Nilijiona mwaminifu. Na kwa kuwa nilishajiona mwaminifu mara mbili, ikawa rahisi kufanya hivyo kwa nyundo ya hakimu, na kwa mchezo wa kurusha nyundo, ambao niliusoma tu kwamba ni tufe lililofungwa kwenye waya, na kwa bondia anayesifiwa kuwa mkono wake wa kulia ni nyundo. Kadi zilikuwa zinaongezeka. Nilizipanga kwa nyanja: ufundi, muziki, sheria, michezo, uvuvi.

Kadi ya kumi na mbili ndiyo iliyobaki, na hiyo nilikuwa nayo tangu nina miaka saba.

Utotoni sikio langu la kushoto lilikuwa linatoa maji. Mama alinipeleka kwa daktari wa masikio, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, na kwa kuwa nilikataa kuguswa, alichukua kadi yangu ya kliniki akachora nyuma yake. Vifupa vitatu. Cha kwanza kinaitwa nyundo, cha pili fuawe, cha tatu kikuku. "Humu ndani kuna fundi mdogo," aliniambia, "na nyundo yake imelowa, ndiyo maana hapigi kazi. Nataka nimkaushie tu." Nikamruhusu. Kwa miezi mingi baadaye sikulalia upande wa kushoto, nikiogopa fundi ataangusha nyundo yake.

Tangu siku ya kwanza ya jaribio nilijua kuwa hii ndiyo kadi yangu bora. Sikumtajia rafiki yangu. Nilijua hataiiba, alishanionyesha kwenye kinanda kwamba haibi. Nilichoogopa kilikuwa kingine. Nikimwambia kuna nyundo sikioni, atakwenda kumtafuta daktari wa masikio, atakaa naye dakika kumi, atauliza swali moja dogo, na atarudi na sentensi nzuri kuliko yangu.

Siku ya tisa, alasiri, nilikuwa kwenye kibaraza cha ghorofani naanua nguo. Akanitumia ujumbe wa sauti. Alisoma orodha yake yote: seremala, fundi bati, sonara, fundi viatu, fundi vigae, mvunja kokoto wa kule Ilala, daktari anayegonga goti, na ile ya Feri isiyokuwepo. Nane. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anamwambia asogeze begi, mtoto anataka kulazwa. Mwishoni akasema, "Kuna nilichosahau, shosti? Niambie tu ukweli."

Niliusikiliza mara tatu. Niliandika, "Subiri kidogo." Nikafuta. Niliandika, "Hivi uliwahi kufikiria mwili wa binadamu?" Nikafuta, maana hiyo ingekuwa kumpa bila kuonekana nimempa, na hata katika kutoa nilitaka nionekane. Nguo zilikuwa begani. Nikaandika, "Hapana. Umemaliza," nikaweka na alama ya dole gumba.

Akajibu, "Asante sana."

Mahojiano yalifanyika kwenye jengo moja la Kivukoni, ghorofa ya juu, chumba chenye feni iliyokuwa inazunguka polepole kuliko mawazo yangu. Mhariri alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Alikuwa amezipanga kadi zangu mezani kama karata.

"Kumi na mbili," alisema. "Mpangilio wako ni mzuri kuliko wa wote."

Nilikaa sawa.

Kisha akaanza kuzitoa moja moja, akaziweka kando, hadi zikafika tano. "Hizi zimesemwa na nani?"

"Na mimi, mama. Nimeandika."

"Nimeona. Wewe ni mnadi?"

"Hapana."

"Mvuvi?"

"Hapana."

"Unarusha nyundo?"

Nilitikisa kichwa. Hakuwa ananicheka, alikuwa anauliza kama karani anayejaza fomu. "Kitabuni maana hizi zipo," alisema. "Lakini kitabuni tunafika wenyewe. Tunatafuta mtu wa kwenda ambako sisi hatujafika, arudi na midomo ya watu."

Akainua kadi ya sikio. Uso wake ukabadilika kidogo. "Hii nilikuwa naisubiri."

"Ulikuwa unaisubiri?"

Alifungua faili jingine, akatoa kadi, akaigeuzia kwangu. Niliufahamu mwandiko kabla ya kusoma. Ilikuwa kadi isiyo na maana wala sentensi. Kwenye nafasi ya maelezo rafiki yangu alikuwa ameandika: "Mfupa wa sikioni. Hii sina. Nilisimuliwa na mwombaji mwenzangu tulipokuwa mwaka wa kwanza, naye aliisikia kwa daktari akiwa mtoto. Ni yake, ataileta mwenyewe. Msipoiona kwake, tafadhali muulizeni, asije akawa amesahau."

Nilisoma mara mbili. Mhariri akadhani sioni vizuri, akanisogezea.

Kisha nikakumbuka. Muhula wa kwanza chuoni, hata kuzoeana hatujazoeana, aliumwa sikio wiki nzima. Alikuwa amelala ameshika shavu, analia kimyakimya, na mimi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikamsimulia habari ya fundi mdogo na nyundo yake iliyolowa, mpaka akacheka. Nilimpa mwenyewe, kwa hiari, na nikasahau kabisa kwamba nilimpa. Niliangalia siku iliyoandikwa kwenye kadi. Ilikuwa siku mbili kabla ya ule ujumbe wa sauti.

"Mnafahamiana vizuri?" mhariri aliuliza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Siku mbili baadaye rafiki yangu alinipigia. Kazi alikuwa amepata yeye. Aliitoa habari hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepisha wengine mlangoni, na mimi nikasema hongera kwa sauti kubwa mno, mpaka mteja aliyekuwa anapima kamba dukani akageuka.

Ningeweza kuliacha jambo la ule ujumbe lipite. Nililipima jambo hilo kwa siku mbili nzima. Nikinyamaza, labda hatajua kuwa najua. Lakini mhariri anaweza kumwambia kwamba alinionyesha kadi. Na hata asipomwambia, yeye anajua kuwa nilimdanganya, ila hajui kama mimi najua kwamba anajua. Nilifika mahali nikawa sielewi tena namficha nani nini. Jumamosi asubuhi nikatembea hadi Ilala.

Mama yake mdogo alinikaribisha, akanipa kiti, akaenda kumwogesha mjukuu uani. Rafiki yangu alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe juu ya meza ya kulia. Siku iliyofuata angehamia chumba alichokuwa amepanga na mwenzake mmoja huku Ilala hiihii; Lindi ilikuwa imefutwa.

"Siku ile uliniuliza kama kuna ulichosahau," nikasema.

"Mm."

"Nilikudanganya."

Aligeuza kola, akaipiga upande wa pili. "Najua."

"Ulinitega?"

"Kukutega? Kwa nini nikutege?" Sasa alinitazama. "Nilitaka uniambie wewe, ili niiandike sawasawa. Imesemwa na rafiki yangu, Mchafukoge, siku fulani. Ningekuwa na kadi ya tisa yenye wewe ndani. Ndiyo ningependa kuliko zote."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika njia zote nilizozipita kichwani kwa wiki mbili, hiyo sikuipita.

"Ulipoona jibu langu ulifanyaje?"

"Niliumia."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vingi." Aliitundika blauzi kwenye mlango, akavuta shuka kutoka kwenye kapu. "Mbona unauliza kama polisi?"

Nikamwambia yote basi. Nilimwambia habari ya mhadhiri na maswali yangu mawili, ya fundi bati aliyekuwa anamtazama yeye, ya sonara, ya kufurahi kwangu kwenye kinanda kwa sababu hakuwepo. Nilimwambia nilijua habari ya Lindi na bado niliandika vile. Nilipoanza kueleza kwa nini huenda yote hayo yalitokana na nafasi yangu kama mtoto wa kwanza, akanikatiza.

"Punguza. Hapo ulipofika panatosha." Akakunja uso kidogo, akawa anawaza. "Na sasa? Bado unanionea wivu?"

"Ndiyo."

"Hata hapa ulipokaa?"

"Hapa ndipo zaidi," nikasema, na ilikuwa kweli. Nilimwonea wivu kazi, nilimwonea wivu blauzi ile mlangoni, na nilimwonea wivu vile vyombo: kwamba mtu anaweza kuumia, akaosha vyombo, vikaisha.

Hakusema kuwa amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Alisimama na shuka lake mikononi, akalitikisa likafunguka. Lilikuwa kubwa kwa mtu mmoja.

"Simama basi," alisema. "Shika huku."

Nikashika. Tulilikunja kutoka pande mbili, tukasogeleana, tukarudi nyuma, tukasogeleana tena. Kwenye mkunjo wa tatu pembe zangu hazikulingana na zake. Alinionyesha kwa kidevu, nikazishusha, tukaanza upya.